Bi Pindo na Vazi la Usawa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko kwenye kitambulisho ndiko lilikobaki. Mtaani aliitwa Bi Pindo. Hata marehemu mumewe, enzi za uhai wake, akimpoteza sokoni aliita "Bi Pindo!" na watu kumi wakamwonyesha kwa vidole alikoelekea.

Alikuwa fundi cherehani. Kibaraza chake kilikuwa chini kabisa ya kilima, kando ya barabara iliyoanza kwa vumbi, ikapanda taratibu, ikapata lami katikati, kisha taa, kisha miti iliyopandwa kwa mstari, mpaka ikafika kwenye mageti. Watu wa mji ule hawakujisumbua kuipa mitaa majina. Kulikuwa na Juu na kulikuwa na Chini, basi. Maji ya bomba yalianzia Juu, yakaishia njiani. Maji ya mvua nayo yalianzia Juu, lakini hayo yalifika Chini yote, bila kupungua hata tone.

Umaarufu wake ulikuwa kwenye nguo za sikukuu za watoto. Gauni la mtoto wa miaka sita alilishona likiwa na pindo la shibiri nzima, limekunjwa ndani na kushikizwa kwa mshono wa mkono usioonekana. Kiunoni alificha mikunjo miwili, mabegani mmoja. Mtoto akikua, gauni linakua naye. Mwaka unaofuata mama mtu analileta, Bi Pindo anafumua, anashusha, anapiga pasi, na mtoto anakwenda kwenye sikukuu na nguo ambayo, kwa kulindana heshima, watu wote wanaiita mpya.

Ufundi huo aliuvaa kabla hajaushona. Alipokuwa na miaka sita, mama yake, ambaye naye alikuwa fundi, alimshonea gauni la njano lenye pindo zito kiasi kwamba akikimbia lilimpiga miguuni. Siku hizo, asubuhi ya sikukuu, watoto wa Chini walisuguliwa, wakapakwa mafuta mpaka wakang'aa, wakavishwa, kisha wakapanda kilima kwa kundi kwenda kuonyesha nguo. Walipita geti kwa geti. Waliambiwa wamependeza, wakapewa pipi, geti likafungwa. Watoto wa Juu hawakushuka Chini kuonyesha zao. Hawakuwa na haja. Zilionekana kutoka huko huko.

Kwenye nyumba moja yenye ngazi za marumaru aliishi bibi mmoja mwenye miwani mikubwa. Kila sikukuu alimshika yule mtoto kidevu akamuuliza, "Gauni zuri! Jipya?"

"Jipya, bibi."

Mwaka wa kwanza ikawa hivyo, na wa pili, na wa tatu. Mwaka wa nne bibi aliinamisha miwani yake chini. Kwenye gauni palikuwa na mistari mitatu, pale pindo lilipokuwa likifumuliwa mwaka hadi mwaka, na chini ya kila mstari njano ilikuwa imekolea kuliko iliyo juu yake.

"Jipya kweli?"

Mtoto akatazama miguuni, akafikiri. "Jipya, bibi. Upande wa chini."

Bibi alicheka mpaka akavua miwani, akampa pipi mbili badala ya moja. Mtoto alishuka kilima amezishika mkononi bila kuzila, maana hakujua kama amepewa kwa uchangamfu wake au kwa aibu yake. Alipomsimulia mama yake, mama hakucheka. Alimwambia, "Leta hilo gauni," akakaa akaanza kutia mkanda wa maua juu ya ile mistari, mmoja mmoja.

Tangu hapo yakapita miaka arobaini na kitu. Mama alikufa akamwachia cherehani. Cherehani ikamwachia maumivu ya kiuno. Akaolewa, akazaa mabinti wawili, wakaolewa mbali, akafiwa na mume. Kibaraza akawa anakitumia pamoja na jirani yake, fundi viatu, mwanamume mwembamba mwenye ulimi kama sindano yake ya kushonea ngozi. Huyu alikuwa akisema yeye hawajui watu wa Juu hata kwa sura, kwa sababu mtu asiyetembea kwa miguu hawezi kuwa mteja wake.

Sasa, Mheshimiwa wa eneo lile alizaliwa Chini, jambo alilolikumbuka kila baada ya miaka mitano. Mwaka mmoja, sikukuu ikiwa imebakiza miezi miwili, gari la matangazo likapita likiwaita watu uwanjani. Mheshimiwa alipanda jukwaani, akafuta jasho, akasema ana jambo kubwa.

"Ndugu zangu, wataalamu wangu wamefanya utafiti," akaanza. "Wamegundua kwamba siku ambayo tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho inaonekana waziwazi ni sikukuu. Unamwona mtoto barabarani, unajua papo hapo katoka wapi. Unajuaje? Kwa pindo! Mtoto wa Juu hana pindo. Mtoto wa Chini ana pindo mpaka gotini. Sasa mimi nawauliza: tukiondoa pindo, tutakuwa tumeondoa nini?"

Watu wakatazamana. Wengine walidhani ni kitendawili.

"Umaskini!" akajijibu mwenyewe, na safu ya mbele ikapiga makofi.

Akaeleza kwamba ofisi yake itawapa wasichana wote wa eneo lile, wa Juu na wa Chini, gauni moja la sikukuu: kitambaa kimoja, mshono mmoja, kipimo kimoja. Litaitwa Vazi la Usawa. Na halitakuwa na pindo.

Fundi viatu alimwinamia Bi Pindo sikioni. "Kumbe rahisi hivyo? Basi mimi nikiziba matundu ya hivi viatu, mvua itakoma."

"Hebu nyamaza, kaka," akasema Bi Pindo. Alikuwa anapiga hesabu ya kazi. Wasichana wote wa Juu na Chini! Mafundi wa mji mzima wangepata kushona. Pindo au hakuna pindo, tumbo halina mshono wa kulifunga.

Zabuni ilipata mtu. Alikuwa shemeji wa Mheshimiwa, bwana mmoja mkarimu ambaye hajawahi kushika sindano ila ya hospitali, tena kwa kelele. Yeye aliipeleka kazi kwa mwenye duka la vitambaa. Mwenye duka akaipeleka kwa dalali. Dalali ndiye akaishusha kwa mafundi. Kila mkono uliopitiwa na jora la kitambaa ulibaki na kipande chake, kama ukungu wa asubuhi unavyobaki kwenye kila jani. Jora lilipofika kwenye kibaraza cha Bi Pindo lilikuwa limekonda. Lilikuwa la zambarau yenye vidoto vyeupe, kitambaa kizuri tu, lakini alipolipima kwa futi aliona kwamba mtu aliyeandika "magauni mia na ishirini" kwenye karatasi hakuwa ameliona.

Kipimo kililetwa na karani wa ofisi, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimkabidhi karatasi yenye namba nne: bega, kifua, kiuno, urefu.

"Hiki ni kipimo cha mtoto gani, mwanangu?" akauliza Bi Pindo.

"Wa wastani, mama."

"Anakaa wapi?"

Karani alitabasamu kwa subira, kama mtu aliyefundishwa kutabasamu hivyo. Akaeleza kwamba walipima mabinti wa Juu kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu wa Mheshimiwa, wakapima na wa Chini kwenye foleni ya bombani, wakajumlisha, wakagawanya.

"Kwa hiyo huyu mtoto mwenyewe..."

"Huyu mtoto hayupo, mama. Ni wa hesabu. Lakini kwa wastani, watoto wote ni huyu."

"Na urefu huu mmehesabu pindo?"

"Nusu kidole, ya kuzuia kitambaa kisifumuke. Zaidi ya hapo ni kinyume cha sera."

Bi Pindo hakuwa mtu wa kubishana na karatasi. Alikaa akashona. Mwezi mzima kanyagio la cherehani lilikwenda bila kupumzika. Fundi viatu alisema akilala analisikia kwenye meno. Alikata kwa ubahili, kola akizitoa kwenye mabaki ya mikono, na pale alipoweza kuiba upana wa kidole aliuiba akauficha kwenye mshono wa pembeni, akisema moyoni kwamba sera ilizungumzia pindo, haikuzungumzia ubavu. Magauni mia na ishirini yakatoka. Kilichobaki kwenye jora kingetosha kufutia miwani.

Siku mbili kabla ya sikukuu palifanyika sherehe ya kugawa. Karani alikuja mapema kumwambia Bi Pindo kwamba amechaguliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya mafundi na wazazi. Alimpa na karatasi yenye neno lenyewe, limeshaandikwa, ili asipate tabu ya kushukuru kwa akili yake.

Alivaa kitenge chake kizuri akaenda. Uwanjani kulikuwa na hema kubwa, na ndani ya hema kulikuwa na kitu kilichomfanya asimame kidogo mlangoni. Meza zote zilifunikwa zambarau yenye vidoto vyeupe. Viti vyote vilivishwa zambarau yenye vidoto vyeupe, vikafungwa tai kubwa mgongoni. Nguzo za hema nazo zilizungushiwa mikunjo ya zambarau kutoka juu hadi chini, na jukwaa likawekewa sketi yake. Wasichana walipopangwa mbele ya meza kuu, kwa mbali ungeona vichwa tu na miguu. Katikati kila kitu kilikuwa kimoja. Kwa maana hiyo usawa ulikuwa umepatikana.

Ukisogea karibu mambo yalikuwa mengine. Mtoto wa wastani hakuwepo, ila waliokuwepo walikuwa wamevaa nguo zake. Watoto wadogo wa Chini walikuwa wakikanyaga magauni yao na kuanguka. Dada zao wa miaka kumi na mmoja walikuwa wakiyavuta chini kwa mikono miwili yafike magotini. Wa Juu walikuja na nguo zao za dukani, wakavishwa Vazi la Usawa juu yake kwa ajili ya picha, na wasaidizi wa nyumbani wakasimama pembeni tayari kuwavua. Mjukuu wa Mheshimiwa peke yake ndiye lililomkaa vizuri. La kwake lilishonwa kwingine, likatiwa lesi.

Bi Pindo aliketishwa mwisho wa meza kuu. Hotuba zilikuwa ndefu. Mikono ya fundi haijui kukaa bure: wakati Mheshimiwa anaeleza jinsi alivyokuwa anavaa nguo za kukulia utotoni, mikono ya Bi Pindo ilikuwa chini ya meza, inapapasa kitambaa. Ikafika ukingoni. Ikasimama. Ikarudi, ikapima tena. Vidole vinne. Limekunjwa mara mbili, na mshono wa kufichwa.

Akadhani amekosea. Akapapasa kifuniko cha kiti chake: vidole vinne. Hakuingiwa na hasira, bali na wasiwasi wa mtu mwenye kazi yake anayeona kazi imeharibika. Alikuwa na hakika kwamba mahali fulani karatasi mbili zilibadilishana. Vipimo vya meza vikaenda kwa watoto, vya watoto vikaenda kwa meza. Makosa ya aina hiyo hutokea. Yeye mwenyewe aliwahi kumshonea bwana harusi suruali ya mdogo wake.

Jina lake likaitwa. Akasimama, akapewa kipaza sauti, akafungua karatasi.

"Mimi, kama mnufaika wa Vazi la Usawa," akasoma, "napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa..." Akakunja karatasi. "Mheshimiwa, naomba uniwie radhi. Nafikiri pametokea makosa, na ni afadhali niseme sasa kabla hayajafika mbali."

Karani, aliyekuwa amesimama nyuma, alianza kuhesabu kalamu zake.

"Kitambaa hiki nakijua," aliendelea Bi Pindo, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza vyote vinne vya uwanja. "Nimekishona mwezi mzima. Gauni la mtoto niliambiwa niweke nusu kidole. Meza hii ina pindo la vidole vinne, tena limekunjwa mara mbili. Mimi si msomi. Lakini nilivyofundishwa na mama yangu, pindo linawekwa kwenye kitu kinachokua. Kwa hiyo naomba kuuliza tu, Mheshimiwa: hii meza inatarajiwa kukua?"

Kule nyuma kabisa, walikosimama watu wa Chini, akacheka mwanamke mmoja, kicheko cha kuguna kama mtu aliyepaliwa, na kicheko kikapita hema zima kama moto kwenye nyasi kavu. Bi Pindo aliduwaa. Hakujua amesema nini cha kuchekesha. Alikuwa anasubiri jibu.

Mheshimiwa hakufika alipofika kwa kukosa majibu. Alisimama akicheka kuliko wote, akachukua kipaza sauti, akamkumbatia bega. "Mama yetu ameuliza swali zuri sana! Hii meza ni ya nani? Ni ya wananchi! Na maendeleo ya wananchi yanakua au hayakui?"

"Yanakua!" ikajibu safu ya mbele.

"Basi na meza lazima ikue!"

Makofi. Picha. Chakula kikaletwa juu ya meza zilizotarajiwa kukua, na watoto wakapewa juisi nje ya hema ili wasichafue vitambaa.

Siku ya pili yake mji mzima ulikuwa na salamu mpya. "Vipi, meza imekua?" mtu anauliza. "Inakua polepole," mwenzake anajibu. Wauza mboga waliitumia, makondakta waliitumia, mwalimu mmoja alimfukuza mwanafunzi darasani kwa kuitumia. Bi Pindo mwenyewe alikuwa hana raha. Hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya kibaraza lilimkata maini.

"Wakija kukuuliza," alimwambia fundi viatu, "utasemaje?"

"Nitasema sikujui. Nitasema hapo pako pamekaa mwanamke miaka kumi na mbili na sijawahi kumwona."

"Kaka, mimi sitanii."

"Na mimi sitanii, dada. Lakini ulisema kweli, na kweli ikishatoka mdomoni haina zipu." Akagonga msumari mmoja, akaongeza, "Kama watakuchukua, viatu vyako vile nitakuwa nimevimaliza."

Wiki moja baada ya sikukuu gari la ofisi lilikuja kweli, likasimama. Karani akashuka, uso umekazwa. Bi Pindo aliweka mkasi chini akasimama, maana hakutaka kukamatwa ameketi. Dereva akafungua mlango wa nyuma. Badala ya askari, yakatoka mabulungutu ya zambarau yenye vidoto vyeupe, moja baada ya jingine, mpaka kibaraza kikajaa na fundi viatu akalazimika kukumbatia kijisanduku chake kifuani.

Karani akasoma barua. "Kufuatia hoja iliyojitokeza katika hafla, ofisi imeazimia kwamba sera ya usawa itekelezwe pia kwa samani. Vitambaa vya meza ishirini na viwili, vifuniko vya viti mia mbili, pamoja na sketi ya jukwaa, viondolewe mapindo yote mara moja. Fundi aliyeibua hoja ndiye atakayetekeleza."

"Kukata tu?"

"Kukata tu, mama."

"Na mapande?"

Karani akaisoma barua upya, mbele na nyuma. "Mapande hayamo kwenye barua."

"Sasa yasipokuwamo kwenye barua, nayapeleka wapi?"

Kijana alitazama barabarani, akatazama gari, akamtazama na yule mama mwenye uzi kwenye nywele. Ikawa mara ya kwanza Bi Pindo kuona kwamba ana meno. "Yasipokuwamo kwenye barua, hayapo," alisema. "Na mimi ofisi yangu haina uwezo wa kufuatilia kitu ambacho hakipo."

Bi Pindo alifumua na kukata siku nane. Kila meza ilitoa utepe mrefu wa vidole vinane, ukiukunjua. Kila kiti kilitoa wake. Vitu ambavyo havipo vilijaza magunia matatu. Halafu akapeleka neno kwa mama mmoja, na mama mmoja akapeleka kwa wote, na magauni yakaanza kurudi.

Kwa wasichana wadogo kazi ilikuwa nyepesi: magauni ya mtoto wa wastani walikuwa wanayaburuta, kwa hiyo aliyakunja tu ndani, na pindo likarudi lenyewe, bila kumuuliza mtu. Kwa wakubwa aliunga ule utepe chini, safu mbili za vidole vinne vinne, akauweka mshazari ili vidoto viende upande mwingine, na juu ya maungio akapitisha uzi mweupe. Hakutaka kionekane kiraka. Mama mmoja alipomvalisha binti yake alirudi nyuma hatua tatu akasema, "Bi Pindo, hili sasa ndilo gauni. Lile la kwanza lilikuwa salamu tu."

Ofisi nayo haikulala. Mwisho wa mwaka ilitoa ripoti yenye jalada linalong'aa. Iliandikwa humo kwamba, kutokana na uongozi thabiti, urefu wa Vazi la Usawa umeongezeka kwa vidole vinane katika kipindi cha miezi michache, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya eneo. Palikuwa na picha ya mabinti watatu wa Chini wamesimama kwenye jua na magauni yao ya safu mbili. Jina la fundi halikuwemo, na Bi Pindo alipoonyeshwa alishusha pumzi, akaona ni salama zaidi hivyo.

Ile picha ndiyo iliyoleta mengine. Mabinti wa Juu waliiona, na wao magauni yao ya zambarau yalikuwa yameshageuzwa matambara ya kufutia magari. Mjukuu wa Mheshimiwa alilia siku mbili akitaka gauni lenye "ile ngazi ya chini". Marafiki zake wakalia naye. Sikukuu nyingine ilipokaribia, dukani Juu, nyuma ya kioo, likatundikwa gauni lenye utepe wa kuunga chini, mshazari, uzi mweupe juu, na kibandiko kilichosema kwamba huo ni mtindo wa watu wa kawaida. Bei yake haikuwa ya watu wa kawaida. Duka lilikuwa la shemeji.

Tatizo la shemeji lilikuwa kwamba mafundi wake hawakuweza kuunga ule utepe bila kitambaa kujikunja. Waliharibu magauni, wakaharibu mengine. Hatimaye, asubuhi moja, gari refu lilishuka kutoka kwenye lami, likaingia kwenye vumbi, likasimama mbele ya kibaraza. Shemeji alishuka mwenyewe, amevaa viatu vyeupe, na dereva akamletea jora jipya la rangi ya machungwa.

"Mama yangu," alisema shemeji, "nimekuletea riziki. Magauni themanini, ya ngazi. Jora hili hapa, limetimia. Saini tu kwenye karatasi, mengine tutazungumza."

"Karibu kigoda, mwanangu," akasema Bi Pindo. "Nikilipima nitasaini."

"La nini kupima? Mimi na wewe si watu wa nyumba moja?"

"Ndiyo maana nitapima hapa hapa barazani, tusije tukagombana kama ndugu."

Akakunjua jora mezani, akaanza kulipitisha kwenye futi, mkono hadi mkono, bila haraka, akihesabu kwa sauti. Fundi viatu aliacha nyundo hewani. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo wakasimama kupumzika, wakapumzika kwa muda mrefu. Shemeji alitoa leso. Jora lilipofika mwisho, Bi Pindo alilikunja vizuri kama lilivyokuja, akaliweka begani mwa dereva.

"Limepungua theluthi," alisema. "Likitimia lirudi."

"Ah, mama! Labda wamekosea dukani."

"Labda. Makosa hutokea. Nenda ukaangalie kwenye gari, huenda kipande kimedondokea huko."

Watu wakacheka, na safari hii naye alicheka, akijua anachochekea. Shemeji alimtazama dereva. Dereva akatazama mawingu. Wakaingia garini, gari likajaribu kugeuka kwenye njia nyembamba, tairi la nyuma likazama kwenye mtaro wa maji ya mvua, likanguruma likakaa pale pale. Kipande kilichopungua kilikuwa kwenye buti la gari. Gari likiwa limekwama na dereva ameshabeba jora, ikabidi shemeji mwenyewe akitoe, akakibeba begani, akavuka mtaro na viatu vyake vyeupe, akafika barazani anahema, rangi ya machungwa imemfunika nusu ya uso.

Bi Pindo alikipokea, akakipima nacho. Akapiga saini. Kisha akamsogezea kigoda, maana mgeni ni mgeni, na fundi viatu akanyoosha mkono kuomba aonyeshwe vile viatu, soli zilikuwa zimeanza kuachia.